Siku sita Brussels: treni ipi mpande, mji upi muuache

Swali: Shikamoo kaka. Katikati ya mwezi wa kumi mimi, mama yangu (ana miaka 68, magoti yanamsumbua) na mwanangu wa miaka 9 tunakuja Brussels kwa siku sita kumtembelea mdogo wangu anayesoma huko. Visa zetu ni za Schengen, za kuingia mara moja. Mdogo wangu ameshatuandalia orodha ya safari za treni za kwenda na kurudi siku hiyohiyo: Brugge, Gent, Antwerpen, Dinant, Ostend, Luxembourg, Paris na London. Nikihesabu, siku hazitoshi na mama hataweza. Tuchague ipi? Na tiketi tununue tukiwa huku au tukifika? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba dada, na mama mpe shikamoo yangu.

Nianze na London, maana hiyo ndiyo inayoweza kuwaharibia safari nzima. Ifuteni leo. Uingereza haimo katika Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, kwa hiyo kwa pasipoti ya Tanzania mtahitaji visa nyingine ya kuingia kule. Hata mkiipata, bado kuna tatizo la pili ambalo watu hawalioni mpaka wamesimama mbele ya ofisa: visa yenu ya Schengen ni ya kuingia mara moja. Mkishavuka kwenda London mmetoka Schengen, na ile mara moja yenu imekwisha. Kurudi Brussels jioni hamtaruhusiwa, wakati mizigo yenu na ndege yenu ya kurudi nyumbani viko upande huu. Mdogo wako si wa kulaumiwa. Yeye ana kibali cha ukaazi, akitoka Schengen anaruhusiwa kurudi, na mtu akishazoea kupita husahau kwamba mgeni wake ana karatasi ya aina nyingine.

Sasa tuje kwenye hizo saba zilizobaki. Nimeishi Brussels miaka mingi, na ndugu wanapokuja kutoka nyumbani kazi ya kuwatembeza huniangukia mimi. Orodha kama yenu nimeiona mara nyingi. Hutengenezwa kwa kutazama ramani, na kwenye ramani Ubelgiji ni nchi ndogo mno, kila kitu kinaonekana kiko jirani. Lakini mama hasafiri kwenye ramani. Anatoka mlangoni kwa mdogo wako, anapanda basi au metro mpaka stesheni, anashuka ngazi, anasubiri jukwaani, anapanda behewa, anashuka mji wa watu, na kutoka hapo ndipo anaanza kutembea juu ya mawe. Hesabu yote hiyo, kwenda na kurudi, kisha uone zimebaki saa ngapi za kukaa ule mji kwenyewe.

Luxembourg, kwa mfano. Mji mzuri, na tangu mwaka 2020 usafiri wa umma nchini humo ni bure. Lakini kutoka Brussels treni huchukua kama saa tatu kwenda na tatu nyingine kurudi. Mtaondoka alfajiri, mtarudi usiku, na mama atakuwa ameiona Luxembourg kupitia dirishani zaidi kuliko kwa miguu. Iacheni.

Kwa mzee na mtoto pamoja, kipimo changu ni kimoja: treni isizidi saa moja. Halafu ninauliza swali ambalo wageni wengi hulisahau: stesheni ya kule iko mbali kiasi gani na katikati ya mji? Katika nchi hii jibu la swali hilo hubadilisha siku nzima.

Chukua Gent, ambayo ndiyo ningeiweka ya kwanza kwenu. Kutoka Brussels-Central ni kama dakika 35, na treni ni nyingi. Stesheni mtakayoshukia inaitwa Gent-Sint-Pieters, na iko zaidi ya kilomita mbili kutoka mji wa kale. Familia nyingi hutoka nje, huona barabara imenyooka, husema "tutembee tu", na wakifika kwenye kile walichokifuata mzee ameshachoka. Msifanye hivyo. Pandeni tramu hapohapo stesheni, mshuke Korenmarkt. Mkishuka mtaona minara mitatu imejipanga mstari mmoja: wa kanisa la Mtakatifu Nikolasi, wa kengele za mji, na wa kanisa kuu la Mtakatifu Bavo. Kutoka hapo karibu kila kitu cha maana ni mwendo wa dakika chache.

Ndani ya kanisa la Bavo kuna picha ambayo kwa maoni yangu ndiyo sababu tosha ya kupanda treni kwenda Gent. Ni picha ya madhabahu yenye mbao nyingi, kazi ya ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, iliyokamilika mwaka 1432. Katikati, chini, yuko Mwanakondoo amesimama juu ya altare, damu inachirizika kutoka kifuani mwake kuingia kwenye kikombe. Mafundi walipoondoa rangi zilizoongezwa karne za baadaye, uso wake wa awali ulitokea, na sasa anakutazama moja kwa moja kama mtu anayekufahamu. Msogeze mama karibu. Kisha mwambie mwanao atazame ubao wa chini kabisa upande wa kushoto. Ule si wa asili. Wa asili uliibwa usiku mmoja wa Aprili 1934 na mpaka leo haujapatikana. Kinachoonekana pale ni nakala. Mtoto wa miaka 9 ukimpa kesi ya wizi ambayo haijafungwa, hatakuomba simu kwa nusu saa nzima.

Mkitoka hapo, wewe na mtoto mnaweza kuingia Gravensteen, ngome ya mawe iliyojengwa mwaka 1180. Mama msimpeleke, ngazi zake ni nyembamba na zinazunguka. Mwacheni na mdogo wako kando ya mto, pale Graslei, kuna mahali pa kukaa na mashua za kutembeza watu zinaondokea karibu. Mashua ni mapumziko makubwa kwa mwenye magoti mabovu, maana mji unapita mbele yake naye ameketi. Chakula cha mchana ulizeni waterzooi ya kuku, ni mchuzi mweupe mwepesi wenye viazi na mboga, mama ataupenda kuliko chipsi. Na mtoto atataka zile peremende za zambarau zenye umbo la koni ambazo wenyeji huziita pua.

Siku ya pili ya treni iwe Antwerpen. Hapa hesabu ya stesheni inageuka, kwa sababu stesheni yenyewe ndiyo mwanzo wa matembezi. Treni kutoka Brussels huchukua chini ya saa moja. Antwerpen-Centraal ilifunguliwa mwaka 1905, ina kuba la mita 75, nguzo za marumaru na saa kubwa ya dhahabu juu ya ngazi, na watu wa pale huiita kanisa kuu la reli. Zamani ilikuwa mwisho wa njia, kila treni ikiingia ililazimika kutoka kwa kurudi nyuma. Kisha wakachimba chini ya stesheni na chini ya mji, na tangu mwaka 2007 treni nyingine hupita moja kwa moja. Kwa hiyo sasa kuna majukwaa kwenye ghorofa tatu tofauti. Mkifika, huenda mtajikuta chini kabisa ardhini. Tumieni lifti, lakini pandeni ghorofa moja moja, mkisimama kila moja kutazama juu. Nimewahi kumwona mzee wa Kigoma, aliyefanya kazi reli ya kati ujana wake wote, amevua kofia pale ukumbini na hasemi neno.

Bustani ya wanyama, iliyoanza mwaka 1843, imepakana kabisa na stesheni. Kama mtoto atachagua, atachagua hiyo. Ila mtoto wa Morogoro aliyekwisha kuona tembo Mikumi bila uzio, mimi ningemtafutia kitu kingine. Kipo: njia ya waenda kwa miguu chini ya mto Schelde, iliyofunguliwa mwaka 1933. Mnashuka kwa ngazi za umeme za mbao, za zama zile zile, zinalialia chini ya miguu, kisha mnatembea mita 572 mkiwa na mto juu ya vichwa vyenu, na mkitokea ng'ambo mnaugeukia mji wote umejipanga ukingoni na mnara wa kanisa kuu juu yake. Kuna lifti kubwa kwa ajili ya mama. Kutoka stesheni mpaka maeneo hayo msitembee, chukueni tramu ya chini ya ardhi mpaka Groenplaats.

Mkiwa pale ukingoni, kuna jambo la kumsimulia mama. Pembe za ndovu zilizokuwa zikipita Ujiji na Tabora kwenda Zanzibar, baada ya Mfalme Leopold wa Pili kuitwaa Congo na kuzigeuza njia za biashara, zilianza kuteremka mto Congo hadi pwani ya magharibi na kuletwa kwa meli mpaka bandari hii. Pamoja nazo ulikuja mpira wa utomvu wa miti, uliogharimu mikono iliyokatwa na maisha ya watu. Nyumba nyingi nzuri za Ubelgiji zilijengwa wakati huo, na mtu wa kwetu ana haki ya kuzitazama huku akilijua hilo.

Ndiyo maana ninawaongezea safari moja ambayo haimo kwenye orodha, wala si ya treni. Ni Tervuren. Mnakwenda kwa metro mpaka Montgomery, mnapanda tramu namba 44, nayo inawapitisha katikati ya miti mirefu, ambayo mwezi wa kumi majani yake yamegeuka rangi ya shaba. Inatosha nusu siku. Pale kuna jumba la makumbusho ya Afrika, lililofunguliwa mwaka 1910 na kufunguliwa upya Desemba 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano. Kuna mtumbwi mmoja mrefu wa zaidi ya mita 20, umechongwa kutoka gogo moja. Simameni mwanzo wake mtazame mwisho wake. Kuna mambo ya Congo, Rwanda na Burundi, na mambo hayo yametugusa sisi pia: mwezi Septemba 1916 ni askari wa Congo, chini ya maofisa wa Kibelgiji, walioingia Tabora.

Kabla ya kurudi, nendeni mpaka kanisa la mji wa Tervuren, si mbali. Mwaka 1897 Leopold alileta Wakongo 267 wawekwe kwenye vibanda ndani ya bustani ile, watu waje kuwatazama. Saba walikufa. Makaburi yao yako kando ya ukuta wa kanisa, mawe saba yamelala sambamba. Mimi kila nikipeleka mgeni kutoka nyumbani lazima tusimame pale. Mama wa umri wa mama yako mara nyingi huomba dua kwa sauti, na mimi husubiri.

Brugge najua mdogo wako ataidai, kwa kuwa picha zake ziko kila mahali. Ni mji mzuri kwelikweli, treni ni kama saa moja. Sharti langu ni moja: mwende siku ya kazi, na mfike asubuhi, saa tatu au kabla ya saa nne. Kuanzia saa tano mabasi ya watalii na watu wa meli zinazotia nanga Zeebrugge huwa wamejaa, na mama atasukumwa. Kutoka stesheni hadi uwanja wa Markt ni mwendo wa dakika 20, na kama magoti yanaruhusu siku hiyo, hiyo ndiyo njia bora: mnapita ziwa la Minnewater na nyumba nyeupe za Begijnhof, mahali palipoanzishwa mwaka 1245 kwa ajili ya wanawake walioishi pamoja kwa sala bila kuwa watawa kamili. Palivyo kimya, mtasikia majani yakidondoka. Mawe ya barabarani lakini ni ya mviringo na hayako sawa, hivyo mama avae raba zenye soli nene. Mnara wa kengele una ngazi 366, mpande kwa zamu. Mtaambiwa muunganishe Brugge na Gent siku moja kwa kuwa ziko njia moja. Vijana wawili wanaweza. Nyinyi msijaribu. Na kama nguvu zinatosha mji mmoja tu kati ya hiyo miwili, shikeni Gent.

Dinant ni pazuri, mwamba umesimama juu ya mto na ngome iko kileleni, na ndiko alikozaliwa Adolphe Sax, aliyebuni saksafoni. Lakini ni kama saa moja na dakika 40 kila upande. Ostend mwezi wa kumi ni upepo na bahari ya rangi ya kijivu, hapana. Paris treni ya kasi hufika kwa saa moja na dakika 22, nami naelewa mtu akisema "tumefika hapa, tuikose Paris?" Ila kwa siku moja, na mama, mtaona kitu kimoja tu na foleni zake. Mkiitaka kweli, toeni Brugge, laleni Paris usiku mmoja. Pasipoti mkononi, maana ukaguzi unaweza kufanyika ndani ya treni.

Sasa tiketi. Treni za kasi za kwenda Paris ni kama SGR yetu: unakata mapema, una namba ya kiti. Zaidi ya hapo, kwa hizi za Paris kadiri unavyochelewa bei inapanda. Hizo kateni mkiwa Morogoro. Treni za ndani ya Ubelgiji ni tofauti kabisa. Hakuna namba ya kiti, hakuna haja ya kuwahi kwa ajili ya ukaguzi wa mizigo, na tiketi ya Gent haifungwi na treni ya saa fulani. Mnanunua siku hiyohiyo kwenye simu au mashine, mnapanda inayokuja. Faida yake kwenu ni kubwa: mama akiamka magoti yamevimba, mnaahirisha na hamjapoteza kitu. Msipande bila tiketi mkitegemea kulipa ndani, kwa kondakta bei ni ya juu zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 12 akiwa na mtu mzima mwenye tiketi husafiri bure. Kwa mama, ulizeni dirishani nauli ya umri wake kabla ya kulipa.

Saa za kwenye ubao huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na hapa wageni wa kwetu huteleza. Mfundishe mwanao awe ndiye msomaji wa familia: atoe sita. Ubao ukisema 14:07, ni saa nane na dakika saba mchana. Ikizidi kumi na mbili baada ya kutoa sita, atoe kumi na mbili tena: 19:38 inakuwa 13, kisha saa moja na dakika 38 usiku. Kwa siku mbili atakuwa ameshaizoea kuliko nyinyi.

Jambo la pili la ubaoni ni majina. Nchi ina wasemaji wa Kifaransa na wasemaji wa Kiholanzi, na miji ina majina mawili. Brussels huandika yote mawili, lakini mkishaingia upande wa Kiholanzi mtaona jina la Kiholanzi tu, na upande wa Kifaransa vivyo hivyo. Antwerpen ni Anvers, Gent ni Gand, Liège ni Luik, Mons ni Bergen. Mwaka mmoja familia moja ya Arusha ilikuja kwenye mahafali ya kijana wao Leuven. Dirishani wakasema "Louvain", jina la Kifaransa la mji huohuo, wakapewa tiketi ya Louvain-la-Neuve, mji mwingine kabisa, uliozaliwa baada ya chuo kikuu cha Leuven kugawanyika kwa ajili ya lugha mwaka 1968. Walifika wakiwa wamevaa vizuri, na mahafali yakaisha bila wao. Kwa hiyo andikeni jina kwenye karatasi kama lilivyo kwenye ratiba, mwonyesheni mwenye dirisha.

Kuhusu viti: Brussels ina stesheni kuu tatu kwenye njia moja, Nord, Central na Midi. Treni za Gent na Brugge huja kutoka Nord, kisha Central, kisha Midi. Za Antwerpen huenda kinyume. Wengi hupandia Central, na pale treni husimama dakika chache tu. Kwa ajili ya mama, siku ya Gent pandieni Nord, siku ya Antwerpen pandieni Midi, mtapata viti kabla ya umati. Midi mikoba iwe mbele ya kifua. Behewa likiwa la ghorofa, mama asipande juu. Mabehewa mengine ya zamani yana ngazi ndefu kutoka jukwaani, basi mmoja wenu atangulie ndani, mwingine abaki chini nyuma yake, kisha mumpandishe. Asubuhi za siku za kazi wafanyakazi wanaingia Brussels wakati nyinyi mnatoka, kwa hiyo mtasafiri kwa nafasi. Jioni mtarudi dhidi ya umati vilevile.

Migomo ya reli hapa si ya ajabu. Ikitangazwa, ratiba ya treni zitakazotembea hutolewa siku moja kabla, kwa hiyo mdogo wako aangalie simu kila jioni. Kukiwa na mgomo, hiyo ndiyo siku ya Tervuren, mradi tramu zinatembea.

Katikati ya mwezi wa kumi jua huchomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa moja usiku. Siku ya kwanza pumzikeni. Ya pili Gent, ya tatu Tervuren kwa nusu siku, ya nne Antwerpen, ya tano Brugge kama mama mwenyewe ataitaka, ya sita fungeni mizigo. Nitumie tarehe kamili mkishazipata: jumba la Tervuren hufungwa Jumatatu, na kama siku yenu ya tatu imeangukia hapo nitawabadilishia mpangilio.